Aliyeitikia Nyuma ya Joakimu

Siku ya pili tangu Tluway aingie pangoni na wageni wake, mtungi wa Kornelia ulijaa wenyewe.

Asubuhi ulikuwa na maji kidogo chini, ya kuchota kwa kukwangua. Kornelia aliufunika, akaenda zizini kukamua. Aliporudi na kibuyu cha maziwa akafunua anawe mikono, akakuta maji yamefika shingoni mwa mtungi. Akaangalia paa: halikuvuja, na mvua haikuwa imenyesha. Akaangalia njia: hakuna jirani aliyepita, maana jirani wa Bashay akikuletea maji haondoki mpaka amekunywa uji wako na kuusema kwamba ni mwepesi. Akatia kidole. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mfupa. Chini ya mtungi kulikuwa na mchanga mweupe, laini kama unga. Udongo wa Bashay ni mwekundu tangu Mungu auumbe. Mchanga mweupe wa namna ile uko sehemu moja tu, ndani ya Kinywa, pango lile lile alimoingia Tluway.

Mwanamke mwingine angemwaga maji yale na kupiga yowe. Kornelia hakuweza kupiga yowe, kwa sababu watu wangekuja, na wakija wangeuliza, na nyumba ile haikuwa tayari kuulizwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kornelia alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kushika baada ya miaka mingi ya kusubiri na kusikiliza maneno ya mawifi. Siku chache kabla ya safari mtoto alitoka kabla ya wakati wake, mchana, mvua ikipiga bati, na hakulia. Alikuwa wa kike. Tluway alimfunga kwenye kitambaa akamzika nyuma ya zizi, peke yake, bila kumwita hata mama yake mzazi.

Kwa watu wa Mbulu jambo hilo halina mjadala. Nyumba iliyotokewa na kifo cha namna hiyo inaingia metimani. Mume na mke wanakaa kwao, hawashikani mikono na mtu, hawatoi moto, hawapokei kitu mkononi. Majirani wanawaletea maji wanayaacha mpakani. Na zaidi ya yote hawaendi kisimani wala hawavuki mto, kwa sababu majini wa maji, wale ambao wazee wanawaita netlaamee, hawapendi kuguswa na mtu mwenye kifo mikononi. Miezi inapita, watu wanaoshwa, wanatoka. Ni adhabu ya kuchosha, lakini hakuna aliyekufa kwa kuchoka.

Tluway hakutaka.

"Nikikaa ndani, msafara utaongozwa na nani?" alisema siku ile ile, bado ana udongo kwenye kucha. "Hermani?"

"Hermani anajua njia," Kornelia akajibu kutoka kitandani.

"Hermani anajua njia ya kilabuni."

Miaka hiyo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamejaa wataalamu kule tambarare za Hanang, Waswahili na Wazungu, na wataalamu wakichoka kuangalia ngano walitaka kuangalia kitu kingine. Walikuwa wamesikia habari za Kinywa. Shamba lilikuwa linatafuta mtu mmoja wa kuwapitisha wageni wake mle ndani msimu mzima, apewe mabuti na koti lenye mifuko. Safari hii ndiyo ilikuwa ya kumpima. Mwanaume akishaambiwa kwamba yeye peke yake ndiye anayejua kitu, hata mke wake akiwa anatoka damu atasimama mlangoni kuangalia kama mabuti yanakuja.

"Na mama yako akiniangalia tumbo?" Kornelia aliuliza.

"Jifunge blanketi. Lifunge vizuri, utembee kama ulivyokuwa unatembea. Nikirudi tutasema mtoto ametoka siku hiyo, tuingie metimani kama watu wengine. Ni kuchelewesha tu."

"Utavuka mto wa mle ndani, Tluway. Na mikono hiyo."

"Padre alishasema hayo ni mambo ya zamani."

"Padre ndiye atakayevuka?"

Tluway aliinamia mzigo wake. Alikuwa anakagua kamba.

*

Kinywa si tundu la popo. Kipo ndani ya msitu juu ya Bashay, mahali miti imeshonana mpaka mchana unakuwa kama jioni, na mdomo wake ni mkubwa kiasi kwamba ungeweza kuingiza kombaini za shamba lote la serikali na bado ukabaki na nafasi ya kucheza ngoma. Mizizi ya mikuyu inaning'inia mdomoni kama mate. Kuvuka kutoka mdomo wa juu hadi ule wa chini, upande wa tambarare, ni safari ya siku nne kwa mguu wa mgeni. Katikati kuna mahali paa lilianguka zamani, jua linaingia, na chini yake umeota msitu mwingine, msitu ndani ya jiwe, wenye ndege wake na nyani wake. Pale panaitwa Dirishani. Baada ya Dirishani unakuja mto, na mto hauna njia ya pembeni. Unaingia.

Msafara ulikuwa mdogo. Mbele Tluway na taa ya karabai. Nyuma yake Bwana Piti, Mzungu wa kombaini, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha karakana. Kisha Nicodemo, bwana shamba, aliyetumwa kumwangalia Mzungu asipotee. Kisha Hermani wa Gendabi, amebeba chakula na kinyongo. Mwisho Joakimu, kijana mpole, amebeba turubai. Joakimu siku zote alikuwa mkia. Hakuogopa giza la mgongoni, na watu kama hao ni wachache.

Mle ndani giza ni la kushika, na mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu anaweza kuachwa asionekane tena. Kwa hiyo Tluway alikuwa na utaratibu wake. Kila kona kubwa alisimama, akaita jina moja moja kwa mpangilio, na kila mmoja akaitikia "Nipo." Mwisho alijiita mwenyewe, akaitikia mwenyewe, ndipo mguu ukaondoka. Hakuwahi kuruka jina. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote: kwamba aliyeitwa mdomo wa juu, lazima ataitwa hata mdomo wa chini.

Walipofika mahali kijito kinapoingia pangoni, Hermani alishusha mzigo akangoja. Desturi ya kiongozi ilikuwa kung'oa majani mabichi, kuyaweka juu ya maji na kuwasalimu wenyewe kabla ya kupita.

"Huweki majani leo?" Hermani akauliza.

"Weka wewe."

"Mimi? Kiongozi ni wewe, siyo mimi. Si ndivyo unavyosema kila siku?"

"Mikono yangu imeshika taa, Hermani. Weka majani tuondoke."

Hermani aliweka. Lakini alimwangalia Tluway mikono, na mkono mmoja ulikuwa mtupu.

Kona ya kwanza Tluway aliita.

"Bwana Piti!"

"Nipo!"

"Nicodemo!"

"Nipo."

"Hermani!"

"Nipo, nitakwenda wapi."

"Joakimu!"

"Nipo, kaka."

Kabla hajajiita, ikaja sauti nyingine kutoka nyuma ya Joakimu, ndogo, ya mdomo usio na meno.

"Nipo."

"Mwangwi," Tluway akasema haraka, akajiita, akaondoka. Bwana Piti alifurahi, akapiga kelele "Halo!" ili ausikie tena. Pango lilimrudishia halo yake nene kama alivyoitoa. Haikuwa ndogo hata kidogo.

*

Huku nyumbani Kornelia alimwaga maji ya mtungi nyuma ya nyumba, kwa kata, polepole, asiyaguse. Baadaye mtungi ulikuwa umejaa tena.

Blanketi nalo likaanza. Alilikunja kila asubuhi, akaliweka tumboni, akazungusha kanga na kufunga fundo kiunoni. Mwanzo lilikuwa jepesi na lilikuwa linateleza. Sasa mchana ukifika lilikuwa zito. Akilifungua anakuta limelowa, maji baridi, na katika mikunjo kuna mchanga mweupe. Alilianika kwenye ua wa minyaa kama nepi. Lilinuka maziwa, ila siyo ya ng'ombe. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka siku ile ya mvua, na harufu ile aliijua.

Mama mkwe wake, Hilaria, alikuja mchana, jua likiwa kichwani, na kikapu cha viazi. Hilaria alikuwa mkunga wa kitongoji kizima, na jicho lake lilipita tumboni kabla salamu haijafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umejifunga kama mzigo wa punda?"

"Kiuno kinauma, mama. Nimekikaza."

"Kiuno kinauma kwa sababu unainama vibaya. Mimi nilizaa shambani nikamaliza na mstari wangu wa maharage. Hebu."

Kornelia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, lakini mkono wa Hilaria haukuwahi kuomba ruhusa kwa mtu. Ulitua juu ya kanga, ukatulia pale. Kornelia alifumba macho. Alingoja mkono ule utambue blanketi, alingoja yowe la mkwe, na kwa kweli alikuwa amechoka kiasi kwamba alilitamani yowe lile, lije, watu wajae, jambo liishe.

Hilaria akacheka.

"Huyu ana nguvu!" alisema. "Amenipiga teke. Tena tazama, anageuka, anatafuta mahali pa kichwa. Mwambie Tluway aharakishe na Wazungu wake, siku si nyingi."

Akaacha viazi, akaenda zake, huku anapangusa kiganja kwenye gauni kwa sababu kilikuwa kimelowa, na anapuliza vidole kwa sababu vilikuwa vimekufa ganzi.

Kornelia alibaki ukutani. Chini ya kanga kulikuwa na blanketi, alilikunja yeye mwenyewe asubuhi, blanketi la mistari lililotobolewa na panya upande mmoja, na sasa blanketi lile lilikuwa linasukuma, taratibu, kutoka ndani, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango, na alipopeleka mkono kiunoni kutafuta fundo alifungue alitupe lote motoni, alizunguka na kuzunguka kiuno chake chote na vidole na hakupata fundo, alipata ngozi tu, ngozi yake, imevutika, ya baridi.

*

Dirishani walifika mchana wa siku ya pili, wakatandika turubai chini ya miti, jua likishuka kwenye tundu la paa kama maji kwenye mfereji. Watu walianza kucheka tena. Nicodemo alivua viatu akalalamikia malengelenge. Hermani alisonga ugali. Joakimu peke yake hakukaa. Alimvuta Tluway pembeni.

"Kaka, nataka kuuliza kitu usinicheke."

"Uliza."

"Nyuma yangu kuna nani?"

"Wewe ndiye mkia, Joakimu. Nyuma yako kuna pango."

"Najua mimi ni mkia. Lakini kuna kitu kinanishika kisigino. Siyo kwa kuvuta. Kinashika kama anayejifunza kusimama."

Tluway alimwambia ni mizizi. Joakimu, mtu mpole, hakubisha. Alimwonyesha tu kwa kidole. Kwenye mchanga mweupe, kutoka ukingo wa maji mpaka kwenye mzigo wa Tluway, kulikuwa na njia nyembamba iliyolowa. Katikati kitu kilikuwa kimeburuta tumbo, na pembeni, huku na huku, viganja. Kila kiganja kingeweza kulala ndani ya kijiko.

Bwana Piti alikuja kuangalia, mikono kiunoni. "Fisi maji," alisema. "Kwetu pia iko."

"Ndiyo bwana," Tluway akasema. "Fisi maji."

Hermani alinusa hewa, mwiko mkononi. "Fisi maji huyu ananyonya," alisema kwa sauti ya chini. "Hamsikii harufu ya kitoto hapa? Tluway, mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Nimeuliza tu. Wewe hukuweka majani."

"Songa ugali, Hermani."

Hapo Tluway angeweza kugeuka. Nyuma kulikuwa na njia waliyoijua, na Mzungu angeambiwa mto umejaa. Alilifikiria. Kisha akafikiri Hermani atakavyolisimulia jambo hilo kilabuni, akafunga mzigo wake.

Kesho yake waliingia mtoni. Maji yalikuwa ya kifua, meusi, hayana sauti, na kamba ilipita kiunoni kwa kila mmoja. Tluway alipotia mguu alisikia maji yakimkwepa, kweli kabisa, yakajivuta pembeni kama ng'ombe anayesikia harufu ya chui, kisha yakarudi yote kwa pamoja yakamkumbatia. Alitembea. Taa aliinua juu ya kichwa. Katikati ya mto kuna kona, na kona ni kona, lazima kuita, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuteleza na kamba ikaja mbele bila mtu.

Aliita Bwana Piti, akaitikia. Aliita Nicodemo, aliyekuwa anasali, akaitikia katikati ya Salamu Maria. Aliita Hermani. Aliita Joakimu, na Joakimu alichelewa, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekaza shingo asigeuke.

Kisha sauti ile ndogo, ila leo haikuwa nyuma ya Joakimu. Ilikuwa juu ya maji, ubavuni mwa Tluway.

"Baba. Hujaniita."

Nyuma ya Tluway, Bwana Piti aliuliza kwa mnong'ono, "Nani nalia, Tluway?"

Tluway alijua la kufanya. Kila mtoto wa Mbulu analijua: unafunga mdomo, unaangalia mbele, unatembea. Lakini alikuwa amepitisha watu mle ndani miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuwahi kuruka jina, na kamba kiunoni mwake ilikuwa imekaza kwa nyuma kama kamba yenye mtu zaidi, na baridi ilikuwa imempanda mpaka kwenye taya, na sauti ilikuwa inalia sasa, kilio kile ambacho mtoto wake hakukilia siku ya mvua, kilio ambacho alikingoja ameinama, mikono imelowa, na hakikuja. Na mdomo wake, ambao umezoea kazi kuliko kichwa chake, ukafunguka ukauliza:

"Wewe nani?"

"Konsolata."

Naye akaita, kwa sauti ya kazi, kama anavyoita wote.

"Konsolata!"

"Nipo!" sauti ikajibu, kwa furaha. Hapo kamba ikalegea, maji yakawa maji, na kila mmoja wao, mpaka Mzungu, akasikia kitu kidogo kikipita mguuni kwake kwenda mbele, kuelekea mdomo wa chini, kwenye jua.

*

Mdomoni, gari la shamba likiwa linawangoja na ngano imetanda manjano mpaka mwisho wa macho, watu walisimama waitwe kwa mara ya mwisho kama ilivyo desturi. Tluway hakuita. Alivua kamba, akaiacha chini, akawakimbia wageni wake bila kuaga. Hakuna aliyezungumza naye habari za mabuti.

Alimkuta Kornelia amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu imeachana, tumbo limefika magotini. Nyayo zake zilikuwa kwenye dimbwi la maji yaliyotoka kwake mwenyewe.

"Umejifunga blanketi ngapi?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Hakuna blanketi."

"Kornelia." Alichuchumaa. "Konsolata ni nani?"

Kornelia alilikumbatia tumbo.

"Nani amekupa jina hilo? Sijamwambia mtu. Sijamwambia hata mama yangu. Ni jina la mtoto. Nilikuwa nikimwita kisimani, nikiwa nachota, kabla hajafa. Nilikuwa namwambia yeye tu, tumboni."

Tumboni, kitu kiliposikia kinatajwa, kikageuka.

Tluway alikwenda kwa mzee Qamara mwenyewe, kwa miguu yake. Qamara alikuwa mganga mwenye kikohozi na mdomo mchafu. Alikuja naye, ila hakuvuka ua wa minyaa wa nyumba yao. Alisimama nje, akaegemea fimbo, akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Nani alimwita?"

"Mimi, babu."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Mpumbavu. Jini unamtukana, jini unamkimbia, jini unamwekea majani. Wewe umemwandikisha kazi! Umemwita kwenye msafara, na unayemwita unamfikisha. Si ndiyo sifa yako? Basi anadai afikishwe."

"Babu," Kornelia aliuliza kutoka mlangoni, "ni mtoto wetu?"

Mzee alikohoa, na alipojibu sauti ilikuwa imepungua makali.

"Mtoto wenu yuko nyuma ya zizi, mama. Amelala, hana neno na mtu. Hiki ni kitu cha maji. Kimekuta jina halina mwenyewe na tumbo halina mtu, kimevaa vyote viwili. Uongo wenu ndio nyumba yake. Bomoeni."

Majirani waliitwa. Walisimama nje ya ua, mchana kweupe, Hilaria mbele yao, na Hermani nyuma yao na jicho la kuona. Tluway alisema kwa sauti kila kitu: mtoto, kitambaa, zizi, blanketi, mto. Hilaria aliposikia siku aliyofariki mjukuu wake, alihesabu kimoyomoyo, akakiangalia kiganja chake, akakificha kwapani.

"Sasa wewe," Qamara alimwambia Kornelia. "Sema huna mimba."

Alifungua mdomo. Kilichosikika ni kilio cha mtoto, kirefu, cha karibu, kikitoka chini ya kanga, na wanawake wote waliowahi kuzaa pale nje walisikia maziwa yakiwachoma kifuani, hata wazee, na mmoja akasema, jamani mwache, mwache azae, na Kornelia machozi yalimtoka kwa sababu hilo ndilo alilokuwa analitaka kuliko kitu chochote duniani, na alijua kwamba akinyamaza kidogo tu, siku moja, mbili, atakuwa na mtu wa kumbeba mgongoni, wa kufungia mawifi midomo, na nani atauliza mtu huyo amevaa ngozi ya nani.

"Sina mimba," alisema. "Mtoto wangu alikufa."

Fundo likarudi kiunoni. Alilivuta. Kanga ikaanguka, blanketi likaanguka, yakamwagika maji, maji mengi kuliko mwanamke anavyoweza kubeba, na mchanga mweupe, na vijidudu vya pangoni vyeupe visivyo na macho, vikirukaruka kwenye jua. Maji hayakuzama ardhini. Yalijikusanya, yakapita chini ya ua, watu wakaruka pembeni, yakateremka kwenda mtoni yakifuata njia kama mtu anayeijua. Mtungi ndani ukapasuka wenyewe.

"Jini hilo limetoka tumboni," Qamara alisema. "Kwenye mwito wako, Tluway, siwezi kulitoa. Uliliweka mwenyewe. Usiliite tena. Na likiwaita lenyewe, yeyote kati yenu, msiitikie. Hata mara moja."

Waliingia metimani. Walikaa, walioshwa, walitoka. Mimba nyingine haikushika.

*

Koti lenye mifuko alipewa Hermani. Aliongoza safari chache kila mwaka, na mwishowe akalirudisha. Alisema kilabuni kwamba ukimwita Joakimu, kuna mwingine anaitikia nyuma yake. Ule ulikuwa mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata alisema sauti imeota meno. Uliofuata, sauti ilikuwa inatamka vizuri na kucheka. Joakimu alikataa kuwa mkia, akaenda zake Getanuwas kulima vitunguu, na hakuna mwingine aliyetaka mahali pake.

Kisha Bwana Piti akarudi kwao, Nicodemo akahamishwa, kombaini zikaanza kuota kutu moja baada ya nyingine, na hakukuwa na mgeni wa kupeleka popote. Njia ya msituni ikafungwa na miiba. Watu walidhani jambo limekwisha. Ndivyo watu walivyo, wakiacha kwenda mahali wanadhani mahali pamekufa.

Siku moja Tluway na Kornelia walikuwa wanapalilia mahindi kwenye shamba la juu, karibu na msitu. Mchana, jua kali, hakuna upepo. Mahindi yalikuwa ya kufika kifuani. Ndege walinyamaza, na ikaja harufu ya jiwe lililolowa.

"Bwana Piti!"

Ilikuwa sauti ya binti, safi, ya kazi. Ilitoka mwisho wa mistari, mahali shamba linapokutana na miti. Ikangoja jibu.

"Nicodemo!"

Ikangoja.

"Hermani!"

Kornelia aliona mahindi ya mwisho yakitikisika, kisha yaliyofuata, mstari kwa mstari, yakija.

"Joakimu!"

Aligeuka kumwangalia mume wake. Tluway alikuwa amenyooka. Macho yalikuwa mbali, kidevu kimeinuka kama zamani alipokuwa na taa mkononi, na midomo ilikuwa inaachana, kwa sababu baada ya Joakimu jina linalofuata ni lake, na hakuwahi hata siku moja kukosa kuliitikia.

"Tluway!"

Kornelia aliruka mstari, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili vilivyojaa udongo, akakandamiza mpaka meno ya Tluway yakamuumiza. Tluway alihangaika, akameza udongo, akakohoa puani, akatulia. Hakuitikia.

Mahindi yakaacha kutikisika, mistari miwili kutoka walipokuwa. Hapo katikati ya majani kulikuwa na kitu kilichosimama wima, kirefu kama msichana wa kuanza kutumwa kisimani, kikidondosha maji. Kwa muda kilionekana kufikiri. Kisha kikaita jina ambalo halikuwahi kuwepo kwenye msafara wowote, taratibu, kama mtoto anayerudi nyumbani na kukuta mlango umefungwa.

"Mama?"

Mikono yote miwili ya Kornelia ilikuwa kwenye mdomo wa mume wake. Mikono ya Tluway ilikuwa imeshika jembe, na mdomo wa Kornelia haukuwa na wa kuuziba.